Muhuri wa Mpira na Kadi ya Mwanamume

Vyombo vingi vya mwanadamu huzaliwa kwa kazi moja, vikazeeka katika kazi nyingine. Muhuri wa mpira ni kimoja katika vyombo hivyo. Katika Afrika ya Mashariki hujulikana zaidi kuwa chombo cha amri: barua isiyokuwa nao hurudishwa, hati isiyokuwa nao hutiliwa shaka, na mwenye haja husimama mbele ya meza ya karani akiungojea mlio wake juu ya karatasi. Lakini katika nyumba nyingi za Marekani na Uingereza chombo hicho hicho hutumiwa kupambia kadi ambayo mke humpa mumewe, au mtoto baba yake, katika siku ya kuzaliwa. Jinsi chombo cha amri kilivyogeuka kuwa chombo cha mapenzi ni habari inayostahili kusimuliwa.

Muhuri ni wa kale kuliko mpira. Neno lenyewe lilitujia kutoka Kiajemi, na zamani wafalme na matajiri walivaa pete zilizochorwa majina yao, wakazigandamiza juu ya lakiri iliyoyeyushwa. Lakiri ilifaa kwa barua moja. Haikumfaa karani mwenye barua mia kwa siku. Muhuri wa chuma uliotiwa wino ulikuwa wa haraka zaidi, lakini chuma hakiinami, na palipokuwa na bonde dogo katika karatasi herufi haikuonekana. Kilichohitajiwa ni kitu kigumu cha kutosha kushika umbo la herufi, na laini cha kutosha kuifuata karatasi.

Kitu hicho kilipatikana kwa taabu ya Charles Goodyear. Mpira mbichi hulainika na kunata wakati wa joto, na wakati wa baridi hukakamaa. Mwaka 1839, katika jimbo la Massachusetts, Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto sana huacha tabia hizo mbili. Mwaka 1844 alipewa hati ya kuulinda uvumbuzi wake. Hata hivyo alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni mengi. Miongoni mwa waliofaidika ni waganga wa meno, waliotengeneza ufizi wa meno ya bandia kwa mpira uliopikwa katika vyungu vya mvuke. Katika miaka ya 1860 Wamarekani kadhaa, ambao baadaye walibishana juu ya nani aliyetangulia, waliitumia njia hiyo kutengenezea mihuri. Herufi za chapa zilipangwa, zikapigwa katika plasta, mpira ukashindiliwa katika alama zilizobaki, ukapikwa, kisha ukagandishwa juu ya kipande cha mti. Chungu kilichompa mzee meno ndicho kilichoipa afisi ulimi.

Habari hii haifai kusimuliwa kwa furaha tupu. Mpira wa zama zile ulitoka misituni, katika Brazil na katika Afrika. Katika Kongo, chini ya utawala wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kati ya 1885 na 1908, wanakijiji walilazimishwa kuleta mpira kwa kipimo. Walioshindwa walipigwa, wake zao walishikwa rehani, na watu walikatwa mikono. Sehemu kubwa ya mpira wa miaka hiyo ilikwenda katika magurudumu ya baiskeli na magari, wala si katika mihuri. Lakini malighafi ni ile ile, na karani wa Ulaya aliyeushika muhuri wake hakuweza kujua umetoka katika mikono gani.

Wakati muhuri ulipokuwa ukienea afisini, kadi ya salamu ilikuwa ikienea nyumbani. Uingereza ilianzisha posta ya peni moja mwaka 1840. Mwaka 1843 Henry Cole, aliyekuwa amesaidia katika kazi ya posta hiyo, alimwagiza mchoraji John Callcott Horsley kadi ya Krismasi, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa. Katika miaka ya 1870 Louis Prang, mzaliwa wa Breslau aliyehamia Boston, alichapa kadi za rangi nyingi kwa mawe ya chapa. Kadi za siku ya kuzaliwa zilipita njia hiyo hiyo. Faida yake ni kwamba hata mtu wa kipato kidogo aliweza kupeleka salamu nzuri. Hasara yake ni kwamba maneno ya mapenzi yalikuwa bidhaa, yakitungwa na mtu asiyemjua mpelekewa wala mpelekaji.

Chombo kilichoirudishia kadi mkono wa mtu kilitoka mahali pasipotazamiwa. Karibu na mwaka 1919 Kurt Schwitters, msanii wa Hannover katika Ujerumani, alitia alama za mihuri ya afisi katika picha zake, na maneno ya amri yakawa mchezo. Katika miaka ya 1960 Ray Johnson wa New York na wenzake walipelekeana kwa posta kazi za sanaa, nyingine zimepigwa mihuri. Kabla ya karne ya 20 kwisha, mihuri yenye picha ilikuwa ikiuzwa kwa watu wote.

Kazi yenyewe yataka utulivu. Karatasi nene hukunjwa katikati. Muhuri hugongwa taratibu juu ya kitambaa cha wino bila kuzamishwa. Kisha hushushwa wima, hugandamizwa bila kutikiswa, na kuinuliwa moja kwa moja. Ukitikiswa, kingo za mpira huacha madoa. Mtu akitaka mashua iwe mbele ya mlima, hupiga mashua kwanza, huifunika kwa karatasi iliyokatwa kwa umbo lake, ndipo apige mlima. Akiondoa kifuniko, mlima huonekana kuwa nyuma. Akitaka mistari inyanyuke, humwagia wino mbichi unga maalumu, hukung'uta uliozidi, kisha huuyeyusha kwa joto.

Ugumu umo katika kuchagua picha. Wenye kuijua kazi hii aghalabu husema kwamba kadi ya mwanamume huwashinda kuliko ya mwanamke. Mihuri mingi ni ya maua, nalo ua hudhaniwa halimfai mwanamume. Basi huchaguliwa mashua, dira, ramani, baiskeli na vifaa vya useremala, rangi huwa hudhurungi, buluu au kijivu, mapambo hupunguzwa. Mwanamke hupewa kinachopendeza na mwanamume hupewa kinachofanya kazi, kana kwamba yeye husifiwa kwa anachokishika tu. Baba aliyeacha uvuvi tangu zamani huweza kupelekewa mashua kila mwaka, wala asiandikiwe hata mara moja kwamba anapendwa. Wala desturi hii si sheria ya maumbile. Sultani Mehmed wa Pili, aliyeiteka Konstantinopoli mwaka 1453, alichorwa akinusa ua la waridi, na picha hiyo haikumpunguzia heshima yake.

Muhuri hurudia jambo lile lile kwa watu wote, na hiyo ndiyo sababu afisi iliupenda. Katika kadi kurudia huko hakutoshi. Karani hugonga muhuri kuonyesha kwamba shauri limekwisha, hapana la kuongeza. Mwenye kutengeneza kadi hugonga muhuri wake juu ya jalada, kisha huifungua akakuta ndani karatasi nyeupe inayomngoja. Hapo mashua na dira haziwezi kumsaidia. Hapana budi ashike kalamu, amwandikie mwanamume yule kwa mkono wake neno ambalo pengine hajapata kuambiwa.