Ua Juu ya Ua

Katika miaka niliyofundisha Kiswahili katika chuo cha ualimu, na baadaye nilipokuwa mkuu wa chuo, somo la ngeli nililifungua kwa neno moja fupi: ua. Ua likiwa la kuchanua, wingi wake ni maua. Ua ukiwa wa kuzungushia nyumba, wingi wake ni nyua. Wanachuo walicheka, na hakukosekana mmoja wa nyuma aliyeongeza la tatu, kitenzi cha kutoa roho. Nilimjibu kwamba hilo ni neno lingine kabisa, tuliweke kando. Tangu nistaafu nimesoma historia ya mmea mmoja utambaao, na humo maneno yote matatu yamekaa pamoja. Naomba ndugu msomaji anivumilie nikieleza ilikuwaje.

Nyumba yangu ipo Kilwa Masoko. Upande wa magharibi nina ua wa seng'enge na nguzo za zege, urefu wa hatua ishirini, usio na mti wa kuukinga. Jua la saa sita huupiga wima, na jua la alasiri huupiga usoni mpaka linapozama. Nilitaka kitu cha kuufunika, kiwape kuku kivuli na mpita njia kitu cha kutazama. Jambo dogo, lakini mzee aliyestaafu akipewa jambo dogo hulikuza mpaka liwe somo.

Kupanda kwa ajili ya harufu na macho si desturi iliyoletwa pwani hii na wakoloni. Wareno walipoivamia Kilwa Kisiwani mwezi Julai mwaka 1505, walioandika habari za safari ile walizitaja bustani za mji: michungwa, milimau, vitunguu na majani ya kunukia, vyote vikimwagiliwa maji ya visima. Basi nilipojiuliza nipande nini, nilikuwa nauliza swali ambalo mtu wa Kilwa amekuwa akijiuliza kwa karne nyingi.

Nilikuwa na mimea mitatu ya kuchagua. Wa kwanza ni asumini. Mama watoto aliutaka huo, kwa sababu maua yake ndiyo ya kikuba, na kikuba bila asumini ni majani tu. Lakini ua wangu unatazama njia kuu ya mtaa, nami nawajua majirani zangu: asumini ichanuayo jioni isingeiona sala ya magharibi. Akakubali upandwe uani nyuma, mahali pa faragha.

Wa pili ni boganvilia. Huu hauhitaji wakili. Hustahimili ukame, hustahimili upepo wa chumvi, na udongo wetu wa mawe ya matumbawe hauusumbui. Rangi yake ya zambarau au nyekundu si maua hasa bali ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kijitu cheupe kilichojificha katikati. Kasoro yake ni miiba, na tabia ya kutaka kumiliki kila kilicho karibu.

Wa tatu ni mwaridi. Waridi pwani tunalifahamu zaidi kwa marashi yake kuliko kwa mti wake. Mrashi hupita harusini, hupita kwenye maulidi, na maiti naye hurashiwa. Waridi la marashi, lile la Damaski, hulimwa katika milima ya Jebel Akhdar huko Omani, penye baridi. Kulileta kwenye joto la Kilwa ni kulitesa. Hata hivyo nilisikia kwamba ipo jamii ya miwaridi yenye fito ndefu, inayochanua tena na tena na kuvumilia joto, iitwayo waridi la Bourbon. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu, sikuweza kupanda jina nisilolijua. Nikaenda kusoma.

Nilianza na boganvilia, nikakuta safari ya meli. Bougainville alikuwa nahodha Mfaransa aliyeizunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769. Pamoja naye alikuwamo mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, na msaidizi wake Jeanne Baret, mwanamke aliyejivika mavazi ya kiume ili akubaliwe melini. Mwaka 1767, huko Rio de Janeiro, walikusanya mmea huu, nao ukapewa jina la mkuu wa safari. Mwishoni mwa mwaka 1768 meli zilifika kisiwa cha Île de France, ambacho leo ni Morisi. Commerson alibaki huko, akafanya kazi yake ya mimea mpaka alipofariki mwaka 1773.

Hapo nilisita, kwa maana jina la Île de France nililifahamu kwa jambo lingine. Kisiwa hicho na jirani yake Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion, vilikuwa makoloni ya mashamba, na mashamba yalitaka mikono. Miaka mitatu baada ya Commerson kuzikwa, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice, aliyekuwa tabibu hapo awali, alifika Kilwa kuitafuta mikono hiyo. Tarehe 14 Septemba 1776 Sultani Hassan bin Ibrahim wa Kilwa alifunga naye mkataba. Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20 za fedha, na juu yake zawadi ya piasta mbili kwa Sultani kwa kila kichwa. Mkataba ulikuwa wa miaka 100.

Nimefundisha hesabu pia, katika shule zilizokosa walimu, kwa hiyo mkono wangu ulizidisha wenyewe: elfu moja mara mia moja ni watu laki moja. Mkataba haukutimia. Serikali ya Ufaransa haikuupokea mpango wa Morice wa kuweka makazi Kilwa, na mnamo mwaka 1785 Waomani waliutia mji chini ya mamlaka yao. Lakini meli za Wafaransa hazikuacha kuja. Waliopakiwa walitoka bara, wengine mbali kama ng'ambo ya Ziwa Nyasa, wakaletwa pwani na watu wenye ngozi kama yao, wakauzwa na watu wa pwani, wakanunuliwa na watu wa meli. Mkono haukuwa mmoja.

Sasa nirudi kwenye mwaridi. Katika kisiwa cha Bourbon wenye mashamba walikuwa na desturi ya kuzungushia ardhi yao nyua za miwaridi. Walipanda aina mbili kwa safu. Moja ilitoka China, nayo ilikuwa na sifa ya kuchanua bila kungoja msimu. Ya pili ilikuwa ya Damaski, ndugu wa lile la marashi, yenye harufu nzito. Katika ua mmoja wa namna hiyo, karibu na mji wa Saint-Benoît, nyuki na upepo walifanya kazi yao, na ukaota mche ambao haukufanana na mama wala baba. Mtaalamu Mfaransa Nicolas Bréon, aliyefika kisiwani mwaka 1817, aliutambua kuwa ni mpya, na mbegu zake zikapelekwa Ufaransa kwa Jacques, mtunza bustani wa Duke wa Orléans. Kutoka kwake zilizaliwa aina kwa aina, nyingine za kichaka na nyingine za kupanda kwenye nyua na kuta. Mojawapo, iliyotolewa na Bizot mwaka 1868 na kuitwa Zéphirine Drouhin, inapendwa mpaka leo kwa kuwa karibu haina miiba.

Basi mwaridi huu haukuzaliwa katika bustani ya mfalme. Ulizaliwa kwenye ua wa shamba. Vitabu vya maua vinamtaja mwenye shamba, vinamtaja mtaalamu, vinamtaja mtunza bustani wa Duke. Mimi nilitafuta jina la nne, la aliyechimba mashimo ya ule ua. Sithubutu kusema kwamba alikuwa mtu aliyepitia Kilwa. Ninachoweza kusema ni kwamba wakazi wengi wa Bourbon wakati ule walikuwa watumwa, kwamba kazi ya jembe kisiwani ilikuwa yao, na kwamba miongoni mwao walikuwamo waliopakiwa katika bandari zetu.

Utumwa ulikomeshwa kisiwani tarehe 20 Desemba 1848, wakawa huru watu zaidi ya 60,000. Kwa kuwa mtumwa hakuwa na jina la ukoo mbele ya sheria, maofisa waliwapa majina na kuyaandika katika rejista maalumu. Fikiri, msomaji: mtu aliyekuwa na ukoo, na mizimu, na jina la babu yake, anasimama mbele ya meza na kutoka na jina lililobuniwa na karani. Mwaka huohuo kisiwa kiliacha kuitwa Bourbon. Waridi lilibaki na jina la ukoo wa wafalme.

Nilipomsimulia haya rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, alinitazama kwa muda. “Mwalimu,” akasema, “umekwisha kujua yote hayo, na bado unataka kulipanda mlangoni pako?” Akaongeza kwamba hapa Kilwa yapo mambo tusiyoyasema, nasi tumeishi kwa amani kwa sababu hatuyasemi.

Maneno yake hayakuwa mepesi. Katika mitaa ya pwani hii, kuanzia Kivinje hadi Lindi na Mikindani, wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wamekaa nyumba kwa nyumba, wameoana, wamezikana. Kumwuliza mtu asili yake kunaweza kuwa tusi. Nimeongoza shule kwa miaka mingi, nami ninajua kwamba swali moja la mtoto darasani, “Mababu zetu sisi walikuwa upande gani?”, linaweza kuwanyamazisha wazazi wa kijiji kizima. Ukimya huo ulikuwa na hekima yake. Uliwawezesha watu kukaa.

Lakini nimeona pia gharama yake. Tusiposema, kinachobaki ni kile kilichoandikwa, na yaliyoandikwa ni ya mwenye shamba na mwenye meli. Magofu ya Kisiwani yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na mgeni akija tunamwonyesha kwa fahari msikiti mkuu na jumba la Husuni Kubwa. Ni haki tujivunie. Lakini hatuna cha kumwonyesha cha yule aliyepita bandarini akiwa amefungwa, asiyejenga msikiti wala jumba hapa kwa sababu hakuachwa akae. Kilichobaki cha mkono wake kiko ng'ambo, mashambani na kwenye nyua za watu wengine. Kukataa ua hili kwa sababu lilichanua kwenye shamba la bwana ni kumpa bwana hata hicho kidogo. Nilimjibu rafiki yangu hivyo. Hakukubali, wala hakubisha tena. Siku ya kupanda alikuja na pakacha la samadi.

Kipandikizi nilikipata Lindi kwa familia moja ya Kihindi. Mwaridi wa kwanza wa Bourbon, uitwao Rose Edouard, ulienea sana India, ambako hutumika kwa mashada na marashi, na familia ile iliniambia bibi yao aliuleta kutoka huko. Umezoea joto. Kwa faida ya atakayetaka kufuata, nilifanya hivi. Nilingoja mvua za Desemba. Nilichimba shimo la sentimita 60 kila upande, nikatoa mawe ya matumbawe, nikajaza mboji na samadi kuukuu, maana udongo wenye chokaa nyingi huyafanya majani ya mwaridi kuwa ya manjano. Nililiweka shimo sentimita 45 kutoka kwenye ua, ili mizizi isibanwe na msingi wa zege. Maji humwagwa asubuhi, shinani tu, kwa kuwa jani likikaa na maji kwa saa saba hivi ukungu wa madoa meusi hupata nafasi. Shina hufunikwa kwa nyasi kavu wakati wa kaskazi na kusi.

La mwisho ndilo wengi hawalijui. Mwaridi hauna kikonyo cha kujishikia. Mtu lazima aufunge. Na fito zikiachwa zisimame wima, huchanua nchani tu, juu, mahali ambapo jirani huziona na mwenye nyumba hazioni. Zikilazwa ubavuni, zikafuata waya taratibu, kila kifundo hutoa chipukizi na kila chipukizi hutoa ua. Nimezilaza kwa kamba za katani, ambazo haziumizi gome.

Watoto wanaorudi shule husimama na kuuliza jina. Nawaambia kwamba vitabuni linaitwa waridi la Bourbon, kisha nawaambia Bourbon ilikuwa wapi, na nani walipelekwa huko, na kutoka bandari gani. Mwaka huu msichana mmoja wa darasa la sita alinyoosha kidole kuelekea baharini akauliza kama waliweza kurudi. Nikamjibu kweli, kwamba karibu wote hawakurudi. Akanyamaza kidogo, kisha akaomba ua moja ampelekee bibi yake. Nilimkatia mawili.