Kishikio cha sufuria: Si kila kipande cha fundi kinafaa

SUFURIA inayotumika katika nyumba nyingi nchini haina mkono. Ina ukingo mwembamba tu, na mpishi anayeepua githeri hulazimika kuukamata kwa karatasi ngumu, pindo la leso ama tambara lolote lililo karibu.

Kitambaa kizuri cha kazi hiyo kinaweza kushonwa kwa mabaki. Thika, mji uliowahi kupewa jina la Birmingham ya Kenya kwa wingi wa viwanda vyake, una historia ndefu ya nguo. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 na mitumba ikafurika, viwanda vingi vya nguo nchini vilififia, ila mafundi wa cherehani wangalipo, huko na katika mji jirani wa Ruiru. Chini ya kila cherehani pana vipande vinavyongoja kutupwa.

Ugumu ni kwamba vipande hivyo havifanani. Pamba hustahimili joto la sufuria. Polista huyeyuka inapofikia takribani digrii 260 za selsiasi, na makaa mekundu ya jiko hupita kiwango hicho kwa mbali. Polista iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi na kuendelea kuichoma hata baada ya sufuria kuachiliwa.

Macho hayatoshi kuzitofautisha. Vitenge vingi vinavyouzwa siku hizi ni vya polista ijapokuwa maua yake ni yale yale ya zamani, na vitambaa vya sare za shule aghalabu ni mseto. Njia ya kuaminika ni kuchomoa nyuzi chache, kuzishika kwa koleo ndogo juu ya bakuli la maji na kuziwasha. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Polista hujikunja, hudondoka na kuacha tone gumu lisilosagika vidoleni, na hata mseto huacha uvimbe mgumu. Chochote kinachoacha tone hilo kiwekwe kando.

Leso kuukuu ya pamba, shati la pamba lililochakaa na suruali ya jinzi vyote vinafaa. Kwa upande wa nyuma, hakuna kinachoshinda amerikani, kitambaa cha pamba ambacho jina lake limebaki tangu wafanyabiashara wa Marekani walipokileta Zanzibar katika karne ya 19.

Ndani huwekwa tabaka mbili za taulo kuukuu ya pamba, ama moja ya blanketi la sufu halisi. Hapa wengi hupotea: blanketi nyingi za bei nafuu ni za akriliki, nayo huyeyuka kama polista. Jaribio la moto lifanywe kwa blanketi pia.

Mtindo rahisi zaidi ni wa viraka tisa. Vipande vyote hufuliwa kwa maji moto na kupigwa pasi kwanza, maana pamba hurudi. Kwa kipimo cha karatasi ngumu, hukatwa miraba tisa ya sentimita 8 kila upande, vitano vya rangi nzito na vinne vya rangi nyepesi. Hushonwa vitatu vitatu, mshono ukiingia ndani milimita 6, kisha safu tatu huunganishwa. Mishono ya safu ya kati ilazwe upande ulio kinyume na ya safu nyingine, la sivyo pembe hazikutani na uvimbe hujitokeza. Uso unaopatikana huwa na karibu sentimita 21 na nusu kila upande.

Aliye na vipande vyembamba na virefu anaweza kutumia mtindo wa kibanda cha magogo, unaopendwa sana na washonaji wa Marekani. Huanza na mraba mdogo katikati, ambao kwa desturi huwa mwekundu kuashiria moto wa mekoni, na utepe baada ya utepe huuzunguka hadi ukubwa utoshe.

Uso, tabaka za ndani na amerikani, hizi mbili zikiwa za sentimita 24, hupangwa pamoja na kushonwa kwa mistari inayopenya zote. Mistari michache inatosha. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, na mshono wa kubana sana huiondoa. Kingo hukatwa hadi sentimita 21, zikazungushiwa utepe wa pamba wenye upana wa sentimita 5 na urefu wa mita moja. Salio la utepe huwa kitanzi cha kuning'inizia. Uzi nao uwe wa pamba.

Vishikio vishonwe viwili, kwa kuwa sufuria huepuliwa kwa mikono miwili. Visitumiwe vikiwa na unyevu: maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na huweza kugeuka mvuke kiganjani. Tena, pamba haiyeyuki lakini hushika moto, kwa hivyo kitanzi kisiachwe kikining'inia karibu na mwali wa gesi. Kishikio kilichoungua hadi kikawa cha kahawia na kuanza kukatika nyuzi hakina kazi tena jikoni.