Jua ni la bure, kikohozi ni cha kupimwa

Tangu Korona ilipoingia nchini mwaka 2020, vidonge vya vitamini D navikuta mara kwa mara katika maduka ya dawa ya Morogoro mjini. Ukiuliza vya nini, utaambiwa vinakinga kifua. Juma hili tutazame imani hiyo imetoka wapi, na sisi wa nchi ya jua inatuhusu kwa kiasi gani.

Imani yenyewe ni kongwe kuliko vidonge. Katika miaka ya 1840, hospitali ya Brompton, London, iliwanywesha wagonjwa wa kifua kikuu mafuta ya ini la samaki. Mwaka 1882 Robert Koch, ambaye baadaye alifika Afrika Mashariki kuchunguza malaria na malale, alitangaza kuwa amemwona mdudu wa kifua kikuu. Lakini kumwona adui si kumshinda. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Huko Leysin, Uswisi, Daktari Auguste Rollier akawa anawalaza wagonjwa juani milimani. Sababu haikujulikana hadi miaka ya 1920, ilipobainika kuwa mafuta yale yana vitamini D, na kwamba ngozi ya binadamu huitengeneza yenyewe ikipigwa na jua.

Kwetu, Kibong'oto ilianza kupokea wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926 kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Zama hizo hospitali za namna hiyo duniani zilitegemea mapumziko, chakula na hewa safi. Dawa ya kumuua mdudu, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na ugonjwa huu, kwa ushauri wa Daktari Karel Styblo, na baadaye Shirika la Afya Duniani likautumia kama mfano kwa nchi nyingine.

Basi vitamini D ilirudije? Mwaka 2006 wanasayansi wa Marekani walionyesha kuwa chembe za kinga huihitaji ili kutengeneza silaha ya kumuua mdudu wa kifua kikuu. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi waliwapima Wamasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania, wakakuta wana vitamini D nyingi kupita Wazungu wengi. Hata hivyo, Mmasai naye huugua kifua kikuu. Jua peke yake si ngao.

Jibu zito zaidi lilitoka Dar es Salaam. Uchunguzi wa awali ulionyesha kuwa wenye virusi vya Ukimwi ambao vitamini D yao ilikuwa chini walikufa na kupata kifua kikuu zaidi ya wenzao. Ikadhaniwa vidonge vitawaokoa. Watu 4,000 wakagawanywa, nusu wakapewa vitamini D na nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa vidonge havikupunguza vifo wala kifua kikuu. Kumbe upungufu huweza kuwa dalili ya mwili uliokwisha kudhoofika.

Sisemi vitamini hii haina kazi. Mwaka 1997 madaktari wa Addis Ababa, mji wa milimani kama vijiji vyetu vya Uluguru, waliripoti kuwa watoto waliolazwa kwa nimonia walikuwa na matege mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine. Mtoto anayefunikwa ndani kutwa hukosa jua. Kule juu ambako ukungu na baridi ni vya kawaida, mama huwa na sababu ya kumfunika. Lakini ndani humohumo mna mafiga matatu na kuni mbichi, na moshi huo ni adui wa mapafu ambaye hakuna kidonge cha kumzuia.

Nina shangazi kule Mgeta. Alikohoa miezi mitatu huku wanawe wakimpelekea vidonge vya vitamini kutoka mjini, kwa mapenzi kabisa. Makohozi yalipopimwa, kikaonekana kifua kikuu. Alipona kwa dawa za miezi sita, lakini wajukuu wawili waliolala naye chumba kimoja ilibidi nao watibiwe.

Ajabu ni kwamba Morogoro hatuko mbali na vipimo. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limewafunza panya buku kunusa makohozi. Panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na wamebaini wagonjwa wengi ambao darubini iliwakosa.

Kwa hiyo, mtoe mtoto nje apate jua, jiko lipate dirisha, na anayekohoa wiki mbili aende kupimwa. Kipimo na dawa za kifua kikuu nchini mwetu ni bure. Fedha ya vidonge inunue mboga na mayai.