Damu ya Kati ya Pigo na Pigo

Mei 1842, mjini Prague, Christian Doppler aliwaeleza wasomi wenzake kuwa wimbi hubadilika kadiri chanzo chake kinavyomkaribia au kumwacha anayelipokea. Aliyokuwa akiyawazia ni rangi za nyota pacha. Kanuni yake ilichukua zaidi ya karne kufika wodi ya wazazi.

Kabla ya hapo mkunga alitegemea viganja vyake na bomba la Pinard, lililobuniwa Ufaransa mwaka 1895. Aliusikia moyo wa mtoto, akatambua pia mimba isiyokua inavyostahili, ila sababu hakuiona. Picha za ultrasaundi alizochapisha Ian Donald na wenzake wa Glasgow mwaka 1958 zilifungua dirisha, lakini damu inavyokwenda hazikuionyesha. Mwaka 1977 FitzGerald na Drumm, wa Dublin, wakatangaza kuwa, kwa kanuni ya Doppler, wameunasa mwendo wa damu ndani ya kiungamwana kupitia tumbo la mama, bila sindano wala kisu.

Swali lililofuata lilikuwa: damu hiyo ni kiasi gani kwa dakika? Huko Sydney, Robert Gill aliipima katika vena ya kiungamwana. Kikwazo kilikuwa upana wa mshipa. Ni milimita chache tu, na katika hesabu upana huzidishwa kwa wenyewe. Ukikosea kwa asilimia 10, jibu hupotoka kwa takriban asilimia 20. Nani angethubutu kumzalisha mama kabla ya siku zake kwa kutegemea namba kama hiyo?

Basi watafiti wakabadili swali, na kwangu mimi huo ndio ugunduzi wenyewe. Ateri mbili za kiungamwana huitoa damu kwa mtoto na kuipeleka kwenye kondo la nyuma, ikachukue oksijeni na lishe. Kondo likiwa zima, vijishipa vyake ni vingi na vimefunguka, hivyo damu husonga mbele hata moyo unapotulia kati ya pigo na pigo. Vikipungua au kuziba, mwendo huo wa kati hufifia, hukatika, na hali ikizidi kuwa mbaya damu hurudi nyuma. Kulinganisha kasi ya juu na ya chini ya wimbi la mwendo huo wa damu hakuhitaji kujua upana wa mshipa hata kidogo.

Ushahidi uliletwa na makondo yenyewe. Mwaka 1985, Giles, Trudinger na Baird wa Sydney waliyachunguza baada ya akina mama kujifungua: pale ambapo wimbi lilikuwa baya, ateri ndogo zilikuwa chache. Sasa daktari aliweza kumtofautisha mtoto aliye mdogo kwa maumbile tu na yule anayekosa lishe tumboni.

Majaribio yaliyokusanywa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, yanaonyesha kuwa katika mimba zenye hatari, kama za akina mama wenye shinikizo la damu, kipimo hiki kimeambatana na upungufu wa takriban asilimia 29 wa vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za karibu yake. Kwa mimba zisizo na hatari, faida hiyo haijaonekana.