Mafao ya kazi Texas: lipi ni la sheria, lipi ni hiari ya mwajiri

Katika mtaa wa Sharpstown, kusini-magharibi mwa jiji la Houston, Kiswahili husikika kwenye vituo vya mabasi vya barabara ya Bellaire kabla ya mapambazuko. Wasemaji wake ni Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi za Afrika Mashariki, Wakenya, Watanzania na Warundi, wanaoelekea maghalani, hotelini na kwenye nyumba za kutunzia wazee.

Wengi wao wametoka katika nchi ambako, angalau kwenye maandishi, ajira rasmi huja na haki zake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na mama aliyejifungua miezi mitatu, kwa mshahara kamili. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja siku 28 za likizo na siku 84 za uzazi. Anayewasili Texas hudhani kwamba nchi yenye utajiri mkubwa kuliko zote duniani haiwezi kutoa pungufu ya hapo.

Inatoa pungufu. Hakuna sheria ya Marekani, wala ya jimbo la Texas, inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo, iwe ya mapumziko, ya ugonjwa au ya uzazi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1993 humwezesha mfanyakazi kukaa nyumbani wiki 12 kwa ajili ya mtoto mchanga au maradhi makubwa na kurejea kazini, lakini bila malipo. Tena humhusu tu aliyetimiza mwaka mmoja na saa 1,250 za kazi kwa mwajiri mwenye wafanyakazi wasiopungua 50.

Jiji la Dallas lilijaribu kwenda kinyume na hali hiyo. Mwaka 2019 lilipitisha amri ya likizo ya ugonjwa yenye malipo. Jaji wa shirikisho akaizuia Machi 2020. Mwaka 2015 lilikuwa limeamuru mafundi wa ujenzi wapewe dakika kumi za kupumzika kila baada ya saa nne, na mwaka 2023 Bunge la Texas likapitisha sheria ya kuzifuta amri za miji za aina hiyo. Sheria hiyo nayo ilipelekwa mahakamani.

Kinacholazimishwa

Yaliyo ya lazima ni machache. Kima cha chini cha mshahara ni dola 7.25 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu Julai 2009. Kwa wafanyakazi wengi wanaolipwa kwa saa, kila saa inayozidi 40 katika wiki hulipwa mara moja na nusu.

Hati ya mshahara huonyesha makato mawili yanayowashangaza wageni: asilimia 6.2 kwa Hifadhi ya Jamii, ambayo Wamarekani huiita Social Security, na asilimia 1.45 kwa Medicare, bima ya afya ya wazee. Mwajiri huongeza kiasi kilekile kutoka mfukoni mwake. Bima ya kukosa kazi hulipiwa na mwajiri peke yake, na aliyeachishwa kazi bila kosa lake anaweza kuomba malipo kwa Tume ya Ajira ya jimbo, Texas Workforce Commission, kwa muda usiozidi wiki 26.

Haya yote ni ya mwajiriwa. Anayelipwa kwa hati iitwayo 1099 badala ya W-2 huhesabiwa kuwa mkandarasi anayejitegemea: hana malipo ya saa za ziada wala bima ya kukosa kazi, na makato ya Hifadhi ya Jamii hulipa pande zote mbili yeye mwenyewe. Wapo waajiri wanaowaita wafagiaji na madereva wao wakandarasi kwa sababu hiyo hasa. Jina pekee halitoshi kisheria. Kinachopimwa ni nani anayeiongoza kazi.

Ajali kazini

Hapa ndipo Texas inapotofautiana na karibu majimbo yote ya Marekani. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilianza jimboni mwaka 1913, na hadi leo mwajiri binafsi anaruhusiwa kujiunga nayo au kukataa. Takriban robo ya waajiri binafsi hawamo. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, inamtaka kila mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima ya ajali. Tanzania ina mfuko maalumu wa fidia. Kwa hiyo mpakizi wa mizigo wa Mombasa ana haki ambayo mpakizi wa Houston huenda hana.

Mwajiri akiwa amejiunga, mfanyakazi aliyeumia hutibiwa kwa gharama ya bima bila kuthibitisha kwamba kosa lilikuwa la kampuni. Kuanzia siku ya nane ya kukosa kazi hulipwa sehemu ya mshahara, kwa kawaida asilimia 70 ya alichopoteza. Kwa upande wake, huipoteza haki ya kumshtaki mwajiri kwa uzembe, isipokuwa katika baadhi ya vifo.

Mwajiri akiwa hakujiunga, mlango wa mahakama u wazi. Sheria inamnyima mwajiri huyo kinga za kale: hawezi kujitetea kwamba mfanyakazi naye alizembea, kwamba aliijua hatari, wala kwamba kosa lilikuwa la mwenzake. Lakini lazima ithibitishwe kwamba mwajiri alizembea. Na waajiri wengi wa aina hii huwatia wafanyakazi saini ya kukubali kwamba mgogoro wowote utakwenda kwa msuluhishi wa faragha, si mahakamani.

Mwandishi wa makala haya alitia saini karatasi kama hiyo. Siku ya kwanza katika ghala moja, muda mfupi baada ya kuwasili kutoka uhamishoni kwa mara ya pili, alipewa bunda la kurasa na dakika ishirini. Mtu aliyekuwa amehariri habari kwa zaidi ya miaka ishirini akasaini bila kusoma, kwa kuwa foleni nyuma yake ilikuwa ndefu.

Mwajiri asiyejiunga anatakiwa kuwaarifu wafanyakazi kwa maandishi na kubandika tangazo. Neno litakaloonekana humo ni non-subscriber. Anayetilia shaka anaweza kuuliza Idara ya Bima ya Texas. Aliyepelekwa kazini na wakala wa ajira aulize kuhusu wakala na kuhusu kampuni anakofanyia kazi.

Aliyeumia amjulishe mwajiri ndani ya siku 30, na awasilishe dai lake kwa idara hiyo ndani ya mwaka mmoja. Kuchelewa kwa kumwonea haya msimamizi kumewanyima watu haki zao.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba sheria ya Texas haiwabagui wageni katika fidia hii. Mjane aliye Bukavu au Kisumu anaweza kudai mafao ya mumewe aliyefia kazini kwa mwajiri aliyejiunga, na anaruhusiwa kuwakilishwa na ofisa wa ubalozi mdogo wa nchi yake. Gharama za mazishi hulipwa hadi dola 10,000. Jumuiya zetu huchangishana kusafirisha maiti, na mara nyingine hakuna anayeuliza kama marehemu alikuwa na bima.

Yanayotegemea mwajiri

Tangu sheria ya afya ya mwaka 2010 kutekelezwa, mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda wote hutozwa faini asipowapa bima ya afya wanaofanya kazi saa 30 kwa wiki. Ndiyo maana baadhi ya watu hujikuta wakipangiwa saa 28. Kwa mwajiri mdogo ni hiari tupu, na Texas haikupanua Medicaid kwa watu wazima wenye kipato cha chini.

Akiba ya uzeeni iitwayo 401(k) pia ni hiari. Mwajiri anayechangia huweza kuweka sharti la miaka kadhaa ya utumishi kabla fedha zake hazijawa zako kamili. Anayezitoa kabla ya miaka 59 na nusu, kwa kawaida hutozwa adhabu ya asilimia 10 juu ya kodi.

Likizo ambazo hazikutumika hulipwa mtu anapoacha kazi ikiwa tu kitabu cha kanuni za kampuni kimeahidi hivyo. Kikiahidi, ni deni. Aliyefukuzwa anatakiwa kulipwa stahili zake ndani ya siku sita. Asipolipwa, ana siku 180 za kupeleka dai kwa Tume ya Ajira, bila ya kuhitaji wakili.

Kuhusu kurejea nyumbani, pensheni ya Hifadhi ya Jamii huhitaji takriban miaka kumi ya michango, na Marekani haina mkataba na Kenya, Tanzania, Uganda wala Kongo wa kuunganisha miaka ya huko na ya huku. Aliyechangia miaka tisa kisha akaondoka moja kwa moja hapati pensheni hiyo wala harejeshewi alichokatwa.