Nasaba Katika Mikrofilamu: Namna ya Kutaja Chanzo cha Nyaraka za Bara

Himdi zote Anastahiki Allaah, na Swalah na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake. Ama ba'd:

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina babu au bibi aliyetoka bara. Wabena wengi wa Njombe walikwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na kutoka Tanga hadi Pemba ni kuvuka bahari tu. Chukulia familia ya Wete inayojua kwamba babu yao alizaliwa Uwemba, karibu na Njombe, akasilimu alipofika pwani. Wajukuu sasa wanalitafuta jina lake katika picha za nyaraka za zamani. Wakilipata, waliandikeje? Na lina uzito gani kisheria?

Allaah Ameamrisha katika Suratul-Ahzaab, aya ya 5, watu waitwe kwa baba zao. Basi kumnasibisha mtu kwa asiye baba yake si kosa dogo la karani.

1. Nyaraka zenyewe

Kitabu cha Wilaya ya Njombe kiliandikwa na maofisa wa Kiingereza wakati wa Tanganyika. Vitabu vya namna hii vina habari za machifu, mila, kodi na ardhi, na vilipigwa picha kwenye mikrofilamu. Mtu wa kawaida ni nadra kutajwa humo kwa jina. Majina ya watu wa kawaida hupatikana zaidi katika daftari za ubatizo, na Uwemba ni misheni ya Kikatoliki ya Wabenediktini. Daftari hizo kwa kawaida hukaa parokiani, na ruhusa huombwa huko.

2. Isnadi ya picha

Unachokiona kwenye kompyuta ni picha ya filamu, na filamu ni picha ya karatasi. Taja kila kiungo, kama anavyotajwa kila mpokezi katika isnadi:

- Jina la daftari au kitabu, na miaka yake.
- Ukurasa na namba ya mstari au ya mtu aliyeandikwa.
- Mahali karatasi ya asili ilipo.
- Namba ya mikrofilamu, kisha namba ya picha.
- Maktaba au taasisi iliyokuonesha nakala ya kidijitali, na tarehe uliyoiona.

Namba ya picha si namba ya ukurasa. Picha moja huweza kubeba kurasa mbili, na jalada nalo huhesabiwa. Ukiandika moja tu, atakayekuja baada yako hatafika ulipofika.

Mfano wa kujaza: Kitabu cha Wilaya ya Njombe, uk. …, asili yake ipo …, mikrofilamu na. …, picha na. …, nakala ya kidijitali ya …, imeonwa tarehe ….

Taja mahali kwa jina la wakati ule. Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012. Kabla yake Njombe ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa, na zama za Waingereza ilikuwa katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini.

3. Makosa yanayoharibu nasaba

Nakili jina kwa herufi zilezile zilizoandikwa, hata kama unaona zimekosewa. Maoni yako yaweke pembeni. Palipofifia, andika "hapasomeki", usikisie.

Daftari nyingi za Kikatoliki ziliandikwa kwa Kilatini. Humo "pater" ni baba, na "patrinus" ni msimamizi wa ubatizo. Anayechanganya maneno haya mawili humpa babu yake baba asiyekuwa wake.

4. Hukmu yake

Katika madhehebu ya Imaam Shaafi'iy, nasaba huthibiti kwa ndoa, kwa kukiri, kwa mashahidi wawili waadilifu, au kwa umaarufu ulioenea miongoni mwa watu. Picha ya daftari peke yake haisimami pahala pa hayo. Ni karina: inasaidia kuwatafuta wazee na kuwauliza. Kwa hiyo haifai mrithi aongezwe au aondolewe kwa sababu ya picha tu. Jambo lipelekwe kwa Kadhi, pamoja na rejea kamili.

Na ikiwa ndugu waliopatikana Uwemba si Waislamu, Hadiyth ya Usaamah bin Zayd (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) katika Al-Bukhaariy na Muslim imekata kurithiana baina ya Muislamu na asiye Muislamu. Lakini udugu haukukatwa. Kuwazuru, kuwasaidia na kuwausia kisichozidi thuluthi ya mali kunafaa, na katika Suratul-Mumtahinah, aya ya 8, Allaah Hakukataza wema kwa wasiotupiga vita.

Anayeandika chanzo chake vizuri huwaachia wajukuu zake njia ya kuwafikia jamaa zao.

Wa Allaahu A'lam.