Kiitikio Kisicho na Jibu

Katika Kiswahili cha pwani neno upatu lina maana mbili za kale. Ya kwanza ni ile sahani ya shaba igongwayo katika ngoma, ambayo mlio wake huwakusanya watu. Ya pili ni ule mchezo wa fedha, aghalabu wa akina mama, ambamo kila mmoja hutoa kiasi kilekile kwa wiki au kwa mwezi, na jumla yake akapewa mmoja wao kwa zamu, mpaka wote wamepata. Wahenga waliposema haba na haba hujaza kibaba, walisema jambo ambalo upatu huu hulithibitisha kila mwezi. Nao unalindwa na mambo matatu: watu wake wanajuana, idadi yao inajulikana, na kitokacho hakizidi kilichoingia. Hakuna atajirikaye kwa upatu wa namna hiyo, wala hakuna aahidiwaye utajiri.

Katika miongo ya karibuni neno hilo limebebeshwa maana ya tatu, nayo ni ya aibu. Nchini Tanzania, katika habari za magazeti na za mahakama, upatu sasa ni biashara haramu ambayo faida ya aliyetangulia hutoka mfukoni mwa aliyekuja nyuma. Mfano ulioacha kovu ni ule wa DECI, uliosimamishwa na serikali mwaka 2009. Miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji wa makanisa, na lugha yake ilitoka madhabahuni. Mwanachama hakuambiwa kwamba anaweka fedha, bali kwamba anapanda mbegu. Na siku ya kulipwa hakuambiwa kwamba amelipwa, bali kwamba amevuna. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi hao.

Mwenye kuipenda lugha atasimama kwenye neno hilo kabla hajafika kwenye hesabu. Kwa nini mbegu? Aliyeweka fedha ana haki ya kuuliza ziko wapi, ziko kwa nani, na zitarudi lini. Aliyepanda mbegu hana wa kumwuliza, hungojea mvua. Na mbegu isipoota, macho ya kwanza huelekea kwenye udongo: huenda moyo haukuwa safi, huenda imani ilikuwa haba. Kwa neno moja tu, deni limegeuzwa ibada, na mdai amegeuzwa mtu mwenye shaka.

Mageuzi ya namna hii hayakuanzia Dar es Salaam. Biashara za ngazi, ambazo siku hizi huitwa biashara za mtandao, na makundi ya imani yanayomtawala mfuasi ndani na nje, zimefanana kwa muda mrefu. Kufanana huko hakumo katika bidhaa inayouzwa, wala katika Mungu anayetajwa. Kumo katika ufundi wa kumzuia mtu asijibu.

Aliyetangulia kuueleza ufundi huo kwa utaratibu ni daktari wa maradhi ya akili wa Marekani, Robert Jay Lifton. Kati ya mwaka 1954 na 1955, huko Hong Kong, aliwahoji watu 40, Wachina 15 na watu wa nchi za Magharibi 25, waliokuwa wamepitia mafunzo ya kugeuzwa fikra katika China ya Mao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1961, na ndani yake alitaja alama nane za mazingira yanayomfunga mtu. Miongoni mwazo ni kudhibiti habari zinazomfikia, kumdai usafi usiofikika, kumlazimisha kuungama mbele ya wenziwe, kuyaweka mafundisho juu ya yale aliyoyaona kwa macho yake, na kuibebesha lugha mzigo, yaani kuyafupisha mambo mazito kwa maneno machache ya kukariri ambayo hukata fikra pale zinapotaka kuanza. Lifton hakuwa akiandika habari za wauza vipodozi. Hata hivyo, haikupita miaka mingi kabla alama zake hazijaonekana madukani.

Mwaka 1964, katika mji wa San Rafael, jimbo la California, mfanyabiashara William Penn Patrick alianzisha kampuni ya vipodozi iliyoitwa Holiday Magic. Kampuni ilikuwa na ngazi nne, na ya juu kabisa ilipewa jina la kijeshi, Jenerali. Kuzipanda ngazi za juu kulihitaji maelfu ya dola, na fedha nene haikutoka katika poda na krimu, bali katika kuwaleta wengine nao wanunue ngazi. Kisha Patrick akaanzisha chuo cha uongozi. Ada yake ilikuwa dola 1,000 kwa siku nne. Kwa mujibu wa mashtaka yaliyofuata, na wa kitabu The Pit kilichotoka mwaka 1972, waliohudhuria walinyimwa usingizi na chakula, walipigwa, walifungiwa ndani ya majeneza, na wengine walitundikwa msalabani, mpaka waungame udhaifu wao mbele ya kundi. Waliingia kujifunza biashara wakakuta kitubio. Mwaka 1973 mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji iliishtaki kampuni kwa madai kwamba watu wapatao 80,000 walilaghaiwa dola milioni 250. Mwezi Juni mwaka huohuo Patrick alifariki dunia katika ajali ya ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe.

Mwenziwe wa zama hizo, Glenn W. Turner, alikwenda mbali zaidi. Huyu alikuwa mtoto wa wakulima maskini wa South Carolina, aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, na umaskini wake wenyewe ukawa ndio hadithi ya ushuhuda wake. Mwaka 1967 alianzisha huko Orlando, Florida, kampuni ya vipodozi ya Koscot. Baadaye akaanzisha nyingine, Dare to Be Great, maana yake Thubutu Kuwa Mkuu. Katika hii ya pili vipodozi havikuwamo tena. Kilichouzwa, kwa bei iliyofika dola 5,000, kilikuwa ni kanda za mahubiri ya kufanikiwa, pamoja na haki ya kuwauzia wengine kanda hizohizo. Bidhaa ilikuwa imeyeyuka, ikabaki imani tupu. Mikutano yake ilifanana na mikesha ya uamsho: wasemaji wakipunga noti hewani, na umati ukiitikia kwa pamoja, nenda, nenda, nenda. Mwaka 1987 Turner alihukumiwa kifungo cha miaka saba katika jimbo la Arizona.

Katika jimbo lilelile la California, na katika miaka ileile, lilikuwapo kundi ambalo halikuwa la biashara. Jim Jones alilihamishia huko kanisa lake, Peoples Temple, mwaka 1965. Waumini walimwita Baba. Wengi walimkabidhi mishahara, nyumba, na hata pensheni za uzeeni, na walikaripiwa na kuungama mbele ya kusanyiko. Mwaka 1977 mamia yao walihamia katika msitu wa Guyana, Amerika ya Kusini, mahali ambapo habari hazikuwafikia ila kwa kipaza sauti cha kiongozi. Tarehe 18 Novemba 1978 walikufa watu 918, wengi wao kwa sumu, na zaidi ya 300 kati yao walikuwa watoto. Lugha ilikuwa imetayarishwa mapema: mazoezi ya kufa yaliitwa Usiku Mweupe, na kifo chenyewe kikaitwa kujiua kwa kimapinduzi.

Dakika za mwisho za mkutano ule zilinaswa katika kanda. Ndani yake inasikika sauti ya mwanamke mmoja, Christine Miller, akisimama kumjibu kiongozi. Alisema kwamba palipo na uhai pana matumaini, akauliza habari za watoto, akauliza kama hapakuwa na nchi nyingine ya kukimbilia. Hakukosa hoja. Kilichomshinda ni umati. Majirani zake wa siku zote walimzomea, wakamkumbusha kwamba uhai wake ni zawadi ya Baba, mpaka akanyamaza. Naye alikufa pamoja nao.

Hasara ya fedha na hasara ya roho hazilingani, na asiyezitofautisha anawadhulumu waliofiwa. Hata hivyo njia zinazozifikia zina hatua za pamoja, na hatua ya kwanza ni hiyo ya kulifanya swali kuwa kosa. Katika biashara ya ngazi aulizaye hesabu huambiwa ana fikra hasi, na kwamba ajitenge na ndugu wanaomvunja moyo. Katika kundi la kutawala aulizaye ushahidi huambiwa ana shetani wa shaka, na kwamba ajitenge na jamaa wasioamini. Maneno ni mawili na amri ni moja. Na atokaye hapewi heshima ya kuwa na sababu. Huku huitwa mvivu aliyekata tamaa, kule huitwa msaliti.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwanzilishi na alete watu sita, na kila mmoja wao alete sita, na kuendelea. Katika ngazi ya nane watahitajika watu 1,679,616, na ngazi zote nane kwa jumla ni watu 2,015,538. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu wote wa Zanzibar, na vitoto vichanga vikiwamo, ikapata 1,889,773. Ngazi ya kumi peke yake inataka watu 60,466,176, ilhali Tanzania nzima mwaka huo ilikuwa na 61,741,120. Ngazi ya kumi na tatu inawashinda wanadamu wote walio hai. Na popote ngazi itakapokatikia, watu watano katika kila sita watakuwa wamo katika safu ya mwisho, wasio na mtu chini yao. Kushindwa kwao hakukutokana na uvivu. Kulikwisha kuandikwa kabla hawajaalikwa.

Hapa ndipo ufundi wa maneno unapofanya kazi yake kubwa. Hesabu inasema kwamba watano katika sita lazima washindwe. Mahubiri humwambia kila mmoja wa watano hao, faraghani, kwamba kosa ni lake. Hakujituma, hakuamini, hakuhudhuria semina ya mwisho. Naye huona haya, akanyamaza, na kimya chake kinampa mhubiri nafasi ya kumwalika mwingine. Mwezi Septemba 2024 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilitoa uchunguzi wa taarifa 70 za mapato zilizoandikwa na kampuni za biashara za namna hii zenyewe. Ilionekana kwamba walio wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na aghalabu gharama zao zilikuwa hazijatolewa.

Haki haina budi itendeke kwa pande zote. Tume hiyohiyo, ilipotoa uamuzi juu ya Koscot mwaka 1975, ilisema kwamba uharamu uko pale mtu anapolipia haki ya kuuza pamoja na haki ya kupata ujira kwa kuwaleta wengine, ujira usiotegemea bidhaa kumfikia mtumiaji. Mwaka 1979 iliamua kwamba kampuni ya Amway haikuwa piramidi, kwa kuwa ilikuwa na kanuni za kununua tena mzigo usiouzika na za kuuza kwa wateja halisi. Vivyo hivyo dini. Kufunga saumu, kutoa sadaka, kumtii mwalimu na kutubu ni mambo ambayo watu wa pwani wameyaishi kwa karne nyingi bila ya kupoteza akili wala mali zao. Lakini katika mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, yalianza kufukuliwa makaburi ya waumini ambao, kwa mujibu wa mashtaka, waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miili iliyopatikana ilizidi 400. Neno saumu lilikuwa lilelile la siku zote. Lililoondolewa ni ruhusa ya kuuliza: mpaka lini, na kwa amri ya nani?

Ushairi wa Waswahili una kipimo chake cha mambo haya, ingawa haukukitunga kwa ajili yake. Katika ngoma pana kiongozi na pana waitikiao, na kiitikio ni kitamu, kwa kuwa humwondoa mtu katika upweke. Lakini pwani haikuishia kwenye kiitikio. Imekuza vilevile majibizano. Tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, mshairi aliyetoa beti zake alijua kwamba mwingine atazijibu, kwa vina na mizani ileile, na kwamba wasikilizaji watawapima wote wawili. Fumbo lilitolewa ili lifumbuliwe. Hakuna aliyefukuzwa barazani kwa sababu amejibu. Aliyeona haya ni yule aliyejibiwa akakosa la kusema.

Palipo na kiitikio peke yake, na jibu limepigwa marufuku, pana hatari, pawe ni ukumbini mwa hoteli au chini ya msalaba. Mwenye kualikwa hana haja ya elimu kubwa ili kupambanua. Na aulize swali moja la kweli, la hesabu au la ushahidi, kisha asikilize. Akijibiwa hoja, yuko miongoni mwa watu. Akijibiwa kwa kupimwa imani yake, amekwisha kujibiwa. Upatu wa shaba hugongwa ili watu waje, na ukinyamaza kila mmoja hurudi kwake akiwa na akili zake. Upatu wa fedha ulio wa haki nao una siku ya kwisha, na siku hiyo hakuna anayemdai mwenziwe.